Faili Moja, Mikono Mingi: Namna ya Kutumia kwa Pamoja Lahajedwali Kubwa katika Ofisi za Bumbuli

Katika ofisi nyingi za Bumbuli, iwe ya halmashauri, ya chama cha ushirika cha wakulima wa chai, ya shule ya sekondari au ya hospitali, kumbukumbu ambazo zamani ziliandikwa katika daftari kubwa la jalada gumu sasa huandikwa katika lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta lenye mistari inayolala na safu zinazosimama, ambamo kila chumba kidogo, kiitwacho seli, hubeba neno, namba au kanuni ya hesabu. Chombo hiki kilibuniwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyeketi mbele ya mashine moja. VisiCalc, lahajedwali la kompyuta ndogo lililotoka mwaka 1979, halikumfikiria mtumiaji wa pili, na Excel, iliyotoka mwaka 1985 na ambayo leo imezoeleka karibu kila ofisi, ilikulia katika asili hiyohiyo. Ugumu huanza pale watumishi watatu, wanne au zaidi wanapolihitaji faili lilelile kwa wakati mmoja, nalo limeshakuwa zito kiasi kwamba kulifungua tu ni kazi ya kungoja. Hapo lawama huelekezwa kwa mtandao, na fedha hutafutwa za kununua kompyuta mpya, ilhali mara nyingi chanzo kiko kwingine: hakuna aliyeamua nani anaandika nini, na anaandika wapi.

Inafaa kwanza kuelewa kinachotokea ndani ya folda ya pamoja, yaani folda iliyowekwa katika seva, ambayo ni kompyuta inayozihudumia nyingine, na kufikiwa na watumishi wote kupitia mtandao wa ndani wa ofisi. Mtumishi wa kwanza anapofungua faili la Excel, programu hutengeneza kando yake faili dogo lililofichwa, ambalo jina lake huanza na alama ~$ na ambalo ndani yake limeandikwa jina la mtumishi huyo. Mtumishi wa pili anapolifungua faili lilelile, programu huliona lile dogo, humtajia jina la aliyetangulia, kisha humruhusu kusoma tu. Akiandika chochote hawezi kukihifadhi mahali pale, bali hutakiwa kuhifadhi nakala kwa jina jingine. Vurugu huzaliwa hapo. Kwa kuwa mhasibu hawezi kungoja hadi karani amalize, huhifadhi nakala aitayo "Malipo Machi mpya", mwenzake siku ya pili huhifadhi "Malipo Machi mpya 2 sahihi", na baada ya wiki mbili folda ina mafaili manne yanayodaiwa kuwa ndiyo yenyewe, kila moja likiwa na mistari ambayo mengine hayana. Kuyaunganisha tena huchukua muda mrefu kuliko kazi iliyokusudiwa, na hakuna anayeweza kuapa kwamba hakuna mstari uliopotea njiani.

Alama hiyo ya ~$ inastahili kujulikana na kila mtumishi, kwa sababu ndiyo huleta tatizo jingine ambalo wengi hulitafsiri kama kompyuta kuharibika. Umeme ukikatika ghafla, kompyuta huzimika bila kulifunga faili, na lile faili dogo hubaki katika seva. Asubuhi inayofuata programu hudai kwamba karani fulani bado amelifungua faili, hata kama karani huyo yuko likizo na kompyuta yake imezimwa. Tiba yake ni kuhakikisha kwa macho kwamba hakuna kompyuta yoyote iliyolifungua, kuamuru folda ionyeshe mafaili yaliyofichwa, kisha kulifuta lile dogo peke yake. Likigoma kufutika, maana yake seva bado inaamini kwamba kuna aliyelishika, na kuizima na kuiwasha upya baada ya saa za kazi kwa kawaida humaliza jambo. Ofisi inayotumia LibreOffice, programu isiyolipiwa ambayo vyama vidogo vingefaidika nayo sana, hukutana na hali hiyohiyo, isipokuwa faili dogo la huko huanza na maneno .~lock.

Suala la pili ni uzito. Faili la aina ya xlsx, ambayo ndiyo aina ya kawaida ya Excel tangu toleo la mwaka 2007, kwa hakika ni furushi la mafaili ya maandishi yaliyobanwa pamoja. Linapofunguliwa hufumuliwa lote na kupakiwa katika kumbukumbu ya kompyuta, hata kama mtumishi anataka kusahihisha seli moja, na linapohifadhiwa huandikwa upya lote. Kwa hiyo faili la megabaiti 40 lililomo katika seva husafiri zima kila linapofunguliwa, na husafiri zima tena kila linapohifadhiwa. Baiti moja ina biti nane, hivyo megabaiti 40 ni megabiti 320: kwenye kebo inayopitisha megabiti 100 kwa sekunde safari hiyo huchukua sekunde tatu na kidogo; kwenye Wi-Fi inayogawanywa na watu kadhaa, ambayo kiuhalisia inampa kila mmoja megabiti 20, huchukua sekunde 16; na kwenye modemu ya simu inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde huchukua sekunde 160, karibu dakika tatu. Mtumishi mwangalifu anayehifadhi kazi yake mara kumi kwa siku kupitia modemu hiyo hupoteza karibu nusu saa akitazama mstari wa maendeleo ukisogea, na huo ndio muda ambao watu huchoka, hukatisha, na kuanza kufanya kazi katika nakala iliyomo kwenye kompyuta zao binafsi.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha ya Bumbuli ni kumbukumbu za majani mabichi ya chai. Chai huchumwa kwa mizunguko, kwa kawaida kila baada ya siku 7 hadi 14 kutegemea msimu, na majani hupimwa katika kituo cha kununulia kabla ya kupelekwa kiwandani, ambako takriban kilo nne na nusu za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Kila mara mkulima anapopima, lazima ijulikane ni nani, lini, wapi na kilo ngapi, kwa kuwa malipo yake yote yanasimama juu ya maandishi hayo. Katika eneo ambalo kiwanda cha Mponde kilifungwa mwaka 2013 katikati ya mgogoro kati ya wakulima na mwekezaji, na wakulima wadogo wakabaki na majani yasiyo na mnunuzi wa karibu, hakuna haja ya kueleza kwa kirefu kwa nini hesabu ya kilo inapaswa kuwa moja, inayoonekana na isiyo na ubishi.

Ikichukuliwa, kwa ajili ya kupiga hesabu tu, kwamba wakulima 2,000 wanapima majani mara 40 kwa mwaka, mistari itakayoandikwa ni 80,000 kila mwaka. Aina ya zamani ya faili la Excel, iitwayo xls, haina nafasi ya zaidi ya mistari 65,536, hivyo ingejaa kabla mwezi wa kumi haujaisha. Aina ya xlsx ina nafasi ya mistari 1,048,576, ambayo ingetosha kwa miaka 13, ingawa faili lingekuwa limeshaelemewa miaka mingi kabla ya hapo. Wapo wanaodhani kwamba kikomo hiki ni jambo la nadharia, nao wanapaswa kukumbuka yaliyoipata Public Health England, taasisi iliyosimamia afya ya umma nchini Uingereza, mwaka 2020: matokeo ya vipimo vya korona yalikuwa yakipakiwa katika mafaili ya aina ya xls, mistari iliyozidi kikomo ikaachwa nje, na wagonjwa 15,841 waliogunduliwa kati ya tarehe 25 Septemba na tarehe 2 Oktoba hawakuingia katika hesabu kwa wakati, wala waliokutana nao hawakutafutwa mapema. Ofisi yoyote ambayo bado inahifadhi mafaili yake kwa aina ya xls inashauriwa kuyabadilisha wiki hii, kwa kuwa kuyabadilisha ni suala la kuyahifadhi upya kwa aina mpya na hakugharimu chochote.

Kiini cha ushauri wote ni kutenganisha kazi tatu ambazo ofisi nyingi huzirundika katika faili moja: kuingiza taarifa, kuzikusanya na kuzihesabu, na kuzionyesha. Kila karani wa mizani awe na faili lake dogo la kuingizia, lisilo na fomula wala rangi, ambalo hakuna mwingine anayeandika ndani yake. Faili la pili, linaloshikwa na mtu mmoja tu ambaye hapa ataitwa mtunza faili, huyakusanya mafaili hayo yote. Katika Excel kuanzia toleo la 2016 kazi hii hufanywa na zana iliyomo ndani yake iitwayo Power Query, ambayo huelekezwa kwenye folda mara moja, na tangu hapo kila ikiamriwa kusasisha hupitia mafaili yote ya folda hiyo na kuyapanga chini kwa chini katika jedwali moja. Faili la tatu ni la ripoti, nalo husoma kutoka faili la pili na kumwonyesha meneja, mhasibu au mwenyekiti wa chama jumla anazozihitaji, pasipo yeyote kati yao kugusa mistari iliyoingizwa na makarani. Kwa mpango huu watu saba wanaweza kufanya kazi saa ileile bila kugongana, kwa sababu hakuna wawili wanaoandika katika faili moja.

Mpango huu una faida nyingine ambayo mazingira ya milimani huifanya kuwa kubwa. Karani wa kituo kilicho mbali na barabara kuu, ambako mtandao hupatikana kwa kupanda kilimani, anaweza kujaza faili lake dogo siku nzima bila intaneti na kulituma jioni kwa WhatsApp au kwa barua pepe, kwani faili la mistari mia mbili ni jepesi kuliko picha moja ya simu. Kutuma mafaili kwa WhatsApp kwa kawaida ni tabia mbaya, maana kila anayepokea hubaki na nakala yake na kuanza kuisahihisha. Lakini hapa faili husafiri upande mmoja tu, kutoka kwa karani kwenda kwa mtunza faili, na halirudi. Jina la kila faili lianze na kituo na kufuatiwa na tarehe iliyopangwa kuanzia mwaka, kama 2025-03-14, ili mafaili ya kila kituo yajipange yenyewe kwa mfuatano wa siku. Kwa mawasiliano mengine yote ndani ya ofisi, inayopaswa kutumwa ni anwani ya faili katika seva.

Mpangilio wa safu unahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu kosa la safu hurudiwa katika mistari yote. Wengi hupenda jedwali pana, ambalo kila mkulima ana mstari mmoja na kila siku ya mwezi ina safu yake, na kila mwezi una ukurasa wake. Jedwali la namna hiyo hupendeza macho likichapishwa, lakini swali dogo kama kilo za mkulima mmoja kwa miezi mitano hulazimisha kufungua kurasa tano. Mpangilio unaofaa ni mstari mmoja kwa kila tukio la kupima: tarehe, namba ya mkulima, kituo, kilo, namba ya stakabadhi na jina la aliyeandika. Jedwali lile pana linalopendwa litatengenezwa na programu yenyewe kutokana na mistari hiyo, kupitia kipengele kinachojumlisha na kupanga upya, ambacho katika Excel huitwa PivotTable.

Namba ya mkulima ndiyo safu isiyoweza kukosekana. Miongoni mwa Wasambaa majina mengi ya ukoo huanza na She, na katika kijiji kimoja wanaweza kuwapo akina Shekilindi, Shemdoe au Shekiondo wengi wanaoshiriki hata jina la kwanza. Isitoshe, karani mmoja huandika jina kwa neno moja, mwingine huliandika kwa kutenga She na sehemu inayofuata, na wa tatu huacha nafasi tupu mwishoni ambayo jicho haliioni. Kwa kompyuta hao ni watu watatu, na malipo ya mtu mmoja hugawanyika sehemu tatu. Orodha ya wakulima iandikwe mara moja tu katika faili lake, kila mkulima akipewa namba fupi ya chama, na mafaili ya mizani yabebe namba hiyo peke yake, huku jina likiletwa na fomula katika hatua ya ripoti.

Namba ya kitambulisho cha taifa kinachotolewa na NIDA haifai kutumika badala ya namba hiyo fupi, na inapoandikwa katika orodha ya wakulima ina hatari yake ambayo imeharibu kumbukumbu nyingi kimyakimya. Namba hiyo ina tarakimu 20, wakati Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba yoyote ile. Karani akiiandika bila vistari, programu huichukulia kuwa namba ya hesabu, huionyesha kwa ufupisho usiosomeka, na tarakimu tano za mwisho hugeuka kuwa sifuri. Hata safu ikirekebishwa baadaye, tarakimu hizo hazirudi, kwa sababu hazikuhifadhiwa kabisa. Kinga ni kuigeuza safu nzima kuwa ya maandishi kabla ya kuandika namba ya kwanza. Kinga hiyohiyo hulinda sifuri ya mwanzo ya namba za simu, ambayo bila hivyo huliwa na programu, na malipo ya kupitia simu hushindikana. Tarehe nazo hukorofisha pale kompyuta moja imepangwa kwa desturi ya Marekani na nyingine kwa desturi ya Tanzania, kwani 03/04 kwa moja ni tarehe 4 Machi na kwa nyingine ni tarehe 3 Aprili. Mipangilio ya eneo katika kompyuta zote za ofisi ifanywe kuwa sawa kabla ya kazi yoyote kuanza.

Baada ya mpangilio, faili lenyewe linaweza kupunguzwa unene. Njia ya haraka ya kulipima ni kubonyeza Ctrl na End kwa pamoja, ambapo programu huruka hadi seli ya mwisho inayoamini kuwa imetumika. Ikiruka hadi mstari wa 900,000 ilhali taarifa zinaishia mstari wa 8,000, mara nyingi maana yake ni kwamba mtu alipaka rangi au kuchora mipaka hadi mistari hiyo ya chini, na mistari hiyo mitupu yapaswa kufutwa yote kisha faili lihifadhiwe. Fomula zinazotaja safu nzima badala ya eneo lenye taarifa, pamoja na zile zinazokokotolewa upya kila seli yoyote inapoguswa, kama TODAY, OFFSET na INDIRECT, hulifanya faili la wastani litambae. Miaka iliyokwisha kufungwa kihesabu haihitaji fomula. Matokeo yake yabandikwe kama thamani tu. Picha za nembo na sahihi zitolewe katika mafaili ya kazi zikae katika ripoti. Faili likibaki zito hata baada ya hayo, kulihifadhi kwa aina ya xlsb, ambayo taarifa zake hazikuandikwa kama maandishi, aghalabu hulipunguza ukubwa na kulifanya lifunguke haraka zaidi. Wapo wanaozima ukokotoaji wa moja kwa moja ili kuharakisha kazi, lakini njia hiyo ina mtego: hali hiyo huhifadhiwa pamoja na faili, na mwenzao atakayelifungua kwanza asubuhi atajikuta mafaili yake yote ya siku hiyo hayajumlishi, bila kujua sababu.

Kuhusu vifaa, machache yanatosha. Kompyuta zinazofanya kazi nzito na mafaili ya pamoja ziunganishwe kwa kebo badala ya Wi-Fi, kwa kuwa kebo ya kawaida ya mtandao hufika mita 100 bila kifaa cha kati, na majengo mengi ya ofisi za Bumbuli hayazidi urefu huo. Seva na swichi, yaani kisanduku kinachounganisha kebo zote, viwekwe kwenye betri ya akiba ya umeme, kwani betri ya dakika kumi huokoa faili lililokuwa katikati ya kuhifadhiwa. Folda zipewe ruhusa tofauti: wanaoandika waandike katika folda yao tu, na wengine wote wasome. Seva si lazima iwe mashine ya gharama. Kompyuta ya kawaida inayokaa mahali pakavu, isiyotumiwa na mtu kwa kazi nyingine na isiyozimwa saa za kazi, inaitosha ofisi ndogo.

Njia ya kuhariri kwa pamoja kupitia intaneti, kama ile ya Google Sheets au ya Excel iliyohifadhiwa katika OneDrive, imeondoa kabisa tatizo la faili kufungwa na mtu mmoja, kwa sababu kinachosafiri ni badiliko dogo lililofanywa katika seli, na kila mtu huona mwenzake anapoandika. Historia ya matoleo hutunzwa, na kosa la jana huweza kurudishwa nyuma. Kwa orodha za mikutano, ratiba, mipango ya ununuzi na mafaili mengine mepesi, hakuna njia bora kuliko hii. Hata hivyo, Google Sheets hukomea seli milioni 10 kwa faili zima, na huwa nzito mapema zaidi kwenye kompyuta dhaifu. Bando likiisha au mnara wa simu ukizimika wakati wa mvua za masika, kazi ya ofisi nzima husimama. Watumiaji pia wafundishwe kuchuja na kupanga taarifa kwa mwonekano binafsi, maana mmoja akichuja ukurasa wa wote ili aone kituo chake, wengine hudhani mistari yao imefutwa. Folda inayosawazishwa na OneDrive isichanganywe na folda ya pamoja ya seva, kwani faili moja likibadilishwa kwa njia mbili huzaa nakala pinzani, na ofisi hurudi katika vurugu zilezile ilizokuwa ikizikimbia.

Taarifa za watu zinahitaji tahadhari ya kisheria juu ya ile ya kiufundi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaitaka kila taasisi inayokusanya taarifa za watu izilinde, izitumie kwa lengo zilizokusanyiwa, na ifuate masharti inapozipeleka nje ya nchi, jambo ambalo linaweza kutokea faili linapohifadhiwa katika seva za kampuni za kigeni. Orodha ya wakulima yenye namba za NIDA, namba za simu na akaunti za benki haipaswi kufunguliwa kwa kila mwenye kiungo. Orodha ya wagonjwa yenye majina na magonjwa haipaswi kuwa katika lahajedwali la pamoja hata kidogo.

Tukirudi kwenye njia za kushirikiana, kipengele cha zamani cha Excel kilichoruhusu faili kushirikiwa katika mtandao wa ndani bado hupatikana kwa anayekitafuta, lakini Microsoft yenyewe imekiondoa katika menyu za kawaida, nacho huzuia mambo mengi ya msingi, yakiwamo kutengeneza majedwali mapya, na hulinenepesha faili kwa kutunza historia ya mabadiliko. Kisitumike.

Nakala za akiba zisiachwe zitegemee kumbukumbu ya mtu. Seva inakili folda ya kazi kila usiku kwenye diski nyingine, na mara moja kwa wiki nakala ipelekwe nje ya jengo, ikiwa imefungwa kwa nywila. Kila robo mwaka nakala moja ijaribiwe kufunguliwa, kwa kuwa nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijulikani kama ni nzima.

Hufika wakati lahajedwali, hata likipangwa vizuri namna gani, si chombo sahihi tena. Dalili zake zinatambulika: mistari imevuka laki kadhaa, watu zaidi ya kumi wanaandika kila siku, taarifa za aina tofauti zinategemeana, na lazima ijulikane nani alibadilisha nini na lini. Hapo ndipo kanzidata inapohitajika, yaani mfumo unaohifadhi taarifa katika majedwali yanayohusiana na ambao humfungia mtumiaji ule mstari mmoja tu anaoubadilisha, huku wengine wakiendelea na mistari mingine. Microsoft Access huweza kuanzia ofisi ndogo, ingawa faili lake haliwezi kuzidi gigabaiti 2. MySQL na PostgreSQL hazina bei ya leseni na zina uwezo mkubwa zaidi, ila zinahitaji mtaalamu wa kuziweka na kuzitunza. Kabla ya kujenga mfumo mpya, ofisi ya umma ijiulize kama taarifa hizo hazina makazi tayari. Takwimu za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, kutoka vituo vya afya nchini huingizwa katika DHIS2, mfumo ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Tanzania imeutumia kwa miaka mingi, na hospitali nyingi za serikali hutumia mfumo wa GoTHOMIS kwa huduma za kila siku. Lahajedwali linalorudia yaliyomo katika mifumo hiyo huzalisha takwimu za pili zisizolingana na za kwanza, na anayeulizwa na wakaguzi ni mtumishi aliyelitunza.

Vyama na ofisi nyingi za Bumbuli hazijafika huko, na kwa kazi iliyopo lahajedwali linazitosha kwa miaka kadhaa ijayo iwapo litapangwa. Kinachokosekana mara nyingi ni uamuzi wa mkuu wa ofisi, ambao haununuliwi dukani. Kila mkuu wa ofisi na kila bodi ya chama anaombwa kumteua mtunza faili mmoja na msaidizi wake kwa barua, kuandika katika ukurasa mmoja ni nani anaandika faili lipi na nani anasoma tu, na kuubandika ukurasa huo ukutani kabla masika hayajaanza mwezi Machi, wakati ambapo majani huwa mengi na makarani hawana tena nafasi ya kujifunza utaratibu mpya.